Kobe akifumba macho na kususa chakula, hatungi sheria

Na Mwandishi Wetu, Kigoma

WASWAHILI husema ukimwona kobe ameinama, ujue anatunga sheria. Ni usemi mtamu wa vijiweni, wenye kumsifu mnyama huyo kwa subira na busara. Lakini kwa mtu anayefuga kobe nyumbani, usemi huo unaweza kumponza. Kobe aliyeinamisha kichwa kutwa nzima, macho yamevimba na kufumba, na majani aliyowekewa asubuhi yamenyauka mbele yake bila kuguswa, hatungi sheria yoyote. Ni mgonjwa.

Kuvimba macho na kukosa hamu ya kula ni miongoni mwa dalili ambazo madaktari wa wanyama hukutana nazo mara kwa mara kwa kobe wanaofugwa, iwe Afrika, Ulaya au Marekani. Dalili hizo mbili huandamana, na mara nyingi chanzo chake hakiko kwenye jicho. Kiko kwenye bakuli la chakula, kwenye sakafu anayolalia mnyama huyo na kwenye hewa inayomzunguka. Ndiyo maana mfugaji anayekimbilia dawa ya macho peke yake huweza kuitumia mpaka ikaisha bila kuona nafuu.

Linalozidisha ugumu ni kwamba kobe hafi kwa haraka. Mwili wake huendeshwa polepole, na kobe mkubwa mwenye afya anaweza kukaa wiki kadhaa bila kula. Mwenyewe hudhani mnyama amejipumzisha tu, kumbe ini na figo zinaendelea kudhoofika. Kwa kobe mdogo, ambaye hana akiba ya kutosha mwilini, muda huo ni mfupi zaidi.

Mlimani na ziwani si hali moja

Kata ya Kalinzi, iliyo katika Halmashauri ya Wilaya ya Kigoma, iko kwenye nyanda za juu kaskazini mwa mji wa Kigoma, upande wa mashariki wa Hifadhi ya Taifa ya Gombe. Ni nchi ya kahawa na migomba, na hewa yake ni ya ubaridi kuliko ile ya Ujiji na Kibirizi huko chini ziwani. Uso wa Ziwa Tanganyika uko takriban meta 770 juu ya usawa wa bahari, na kwa kawaida joto la hewa hupungua kwa takriban nyuzi sita za Selsiasi kila mtu anapopanda meta 1,000.

Kwa binadamu, tofauti hiyo humalizwa na sweta. Kwa kobe, inaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya kula na kutokula. Mnyama huyu hana uwezo wa kujitengenezea joto kama alivyo mbuzi au mbwa. Hulipata juani na ardhini. Asipopata joto la kutosha, tumbo lake halisagi chakula ipasavyo, kinga ya mwili hulegea na hamu ya kula hutoweka. Kobe wa nchi za joto huhitaji mchana mazingira ya nyuzi 26 hadi 30 hivi, pamoja na mahali pa kuota jua panapofikia nyuzi 32 au zaidi kidogo, na kivuli cha kukimbilia joto linapomzidi.

Katika miezi ya kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, usiku wa milimani huwa wa baridi na mchana huwa wa vumbi. Kobe aliyelazwa juu ya sakafu ya saruji hupoteza joto usiku kucha, na jua linapochomoza yeye bado amejikunyata ndani ya chumba. Wapo wanaodhani wamemsaidia kwa kumweka jikoni karibu na mafiga. Huko hupata joto, lakini hupata pia moshi na majivu, ambavyo huwasha na kuvimbisha macho kama vinavyofanya kwa mpishi mwenyewe.

Hewa kavu nayo ina madhara yake. Kobe asiyepata maji ya kunywa na ya kujitumbukiza hupungukiwa maji mwilini, machozi yake hukauka, kope hushikana na macho hubaki yamefumba. Hali hii huwapata kwa urahisi kobe wa jamii ya Kinixys, wale wenye bawaba upande wa nyuma wa gamba, wanaopatikana Tanzania na nchi nyingine za mashariki na kusini mwa Afrika. Wengi wao porini hujificha kiangazi na kuonekana zaidi wakati wa mvua.

Macho huvimbaje?

Sababu inayotajwa zaidi katika vitabu vya tiba ya wanyama ni upungufu wa vitamini A. Vitamini hiyo ndiyo inayolinda utando laini unaofunika mirija ya machozi, pua, koo, mapafu na figo. Ikipungua, utando huo hukakamaa na kugeuka kuwa mgumu mithili ya ngozi ya kisigino. Mirija ya tezi za macho huziba, uchafu hujikusanya nyuma ya kope, na kope huvimba mpaka jicho halionekani. Bakteria nao hupata mwanya, na usaha hutunga.

Usaha wa kobe hautiririki kama wa binadamu. Huganda ukawa mgumu kama jibini. Kwa sababu hiyo hautoki kwa kubanwa, na anayejaribu kuukamua kwa vidole huweza kulijeruhi jicho lenyewe.

Hapo ndipo dalili ya pili inapoingia. Kobe hukitafuta chakula kwa kuona na kunusa. Macho yakifumba haoni majani, na pua ikiziba hanusi. Huacha kula, na kwa kuwa hali, hazidi kupata vitamini aliyoikosa tangu mwanzo. Mzunguko huo usipokatwa humfikisha kifoni.

Uhusiano kati ya chakula na ugonjwa huu umejulikana kwa muda mrefu. Mwaka 1967, watafiti E. Elkan na P. Zwart walichapisha uchunguzi wao kuhusu ugonjwa wa macho wa kobe wadogo wa maji, wakauhusisha na upungufu wa vitamini A. Mpaka leo kobe wa maji wanaofugwa ndio wanaoathirika zaidi na upungufu huo, hasa wanapolishwa nyama tupu au chakula kikavu cha aina moja. Ziwa Tanganyika lina kobe wa maji wake, akiwamo yule ajulikanaye kitaalamu kama Pelusios sinuatus, na yeyote amwekaye mnyama wa aina hiyo ndani ya beseni kwa kumlisha vipande vya nyama humtayarishia maradhi hayo.

Kobe wa nchi kavu anayekula majani mabichi ya aina nyingi hupata vitamini A kwa njia nyingine. Mwili wake huitengeneza kutokana na karotini, ile rangi iliyomo kwenye majani ya kijani kibichi, maboga na matunda ya rangi ya machungwa. Hatari humkuta pale anapolishwa kabichi, tango, mkate, wali au ugali siku nenda siku rudi. Vyakula hivyo hujaza tumbo lakini vina karotini kidogo sana au havina kabisa.

Si kila uvimbe ni vitamini

Pamoja na hayo, mfugaji hapaswi kuhitimisha kwamba kila jicho lililovimba linatokana na upungufu wa vitamini. Kabla ya kufanya lolote, amtazame mnyama kwa makini.

Jicho moja likivimba na jingine likiwa zima, yawezekana limechomwa na mwiba, limeingiwa na mchanga au lina kidonda. Macho yote mawili yakivimba bila mafua, mashaka huelekea kwenye chakula, ukavu, moshi au uchafu. Yakiwa yamezama ndani badala ya kutuna, na ngozi ya shingo imesinyaa, mnyama amepungukiwa maji mwilini.

Pua ikitoa kamasi au mapovu, kobe akinyoosha shingo na kuhema kwa mdomo wazi, hapo ugonjwa umefika kwenye njia ya hewa. Hii ni hali ya dharura. Kobe hana kiwambo kama cha binadamu cha kumwezesha kukohoa kwa nguvu na kuutoa uchafu kifuani, hivyo kichomi humwelemea. Miongoni mwa vijidudu vinavyosababisha mafua hayo ni bakteria wa jamii ya maikoplasma na virusi vya jamii ya herpesi, ambavyo huambukizwa kutoka kobe mmoja hadi mwingine.

Uvimbe mgumu upande wa kichwa, nyuma ya jicho, huweza kuwa jipu la sikio. Mdomo ukiwa na utando mweupe au wa manjano, kobe anaweza kuwa anaacha kula kwa sababu ya maumivu ya mdomo na si ya macho. Minyoo mingi tumboni nayo hupunguza hamu ya kula.

Huduma ya kwanza nyumbani

Hatua ya kwanza ni kumtenga mgonjwa na kobe wengine, na kumpatia joto. Mchana atolewe juani asubuhi na alasiri, kivuli kikiwa karibu. Usiku awekwe ndani ya sanduku la mbao lenye nyasi kavu safi, mahali pasipo na moshi wala upepo. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa, ikiwekwa upande mmoja wa sanduku, husaidia katika usiku wa baridi. Asiguswe na chupa hiyo moja kwa moja, kwani huungua bila kujisogeza.

Hatua ya pili ni maji. Kobe awekwe kwenye beseni lenye maji ya uvuguvugu kwa dakika 15 hadi 20 kila siku. Kina cha maji kisipite chini ya kidevu chake. Wengi huanza kunywa wakiwa humo, na macho yaliyoshikana hulainika. Asiachwe peke yake hata kidogo, maana kobe dhaifu asiyeona anaweza kuzama kwenye maji ya kina cha vidole vichache. Kisha akaushwe na kurudishwa kwenye joto.

Hatua ya tatu ni kusafisha macho. Maji ya chumvi ya hospitali, yenye chumvi asilimia 0.9, hupatikana katika maduka ya dawa. Yasipopatikana, maji yaliyochemshwa na kupozwa yawekwe gramu 9 za chumvi kwa kila lita moja. Pamba safi ichovywe na kupitishwa taratibu juu ya kope, pamba mpya kwa kila jicho. Kope zisifunguliwe kwa nguvu.

Hatua ya nne ni mizani. Kobe apimwe uzito siku ya kwanza, kisha kila wiki, na takwimu ziandikwe. Gamba huficha kukonda, mizani haifichi. Mnyama anayepungua wiki hadi wiki hapati nafuu, hata kama anaonekana mtulivu.

Macho yakibaki yamefumba baada ya siku mbili au tatu za uangalizi huo, kamasi ikionekana, au kobe akilegeza miguu na shingo, apelekwe kwa daktari wa mifugo bila kuchelewa. Sheria ya Veterinari Na. 16 ya mwaka 2003 inataka huduma za tiba ya wanyama zitolewe na watu waliosajiliwa. Mahali ambapo daktari yuko mbali, afisa mifugo wa kata ndiye wa kuanziwa. Huyo naye asipokuwa na uzoefu wa kobe, anaweza kuwasiliana na wenzake, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, ambacho ndicho kinachofundisha madaktari wa wanyama nchini.

Dawa ya mbuzi humuua kobe

Onyo kubwa kuliko yote linahusu dawa iliyomo karibu katika kila duka la dawa za mifugo. Ivermektini hutumiwa sana kuua minyoo, kupe na utitiri wa ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe, na kwa wanyama hao imekuwa mkombozi. Kwa kobe ni sumu. Huingia kwenye mfumo wa fahamu, miguu na shingo hulegea, mnyama hupooza na kushindwa kupumua. Utafiti wa J. A. Teare na M. Bush uliochapishwa nchini Marekani mwaka 1983 ulionyesha madhara hayo kwa kobe wa jamii mbalimbali, na tangu wakati huo madaktari hukataza dawa hiyo kwa kobe wa kila aina. Zipo dawa nyingine za minyoo zinazomfaa, kama fenbendazoli, lakini kipimo chake huamuliwa na daktari baada ya kumpima uzito.

Sindano ya vitamini A ni mtego wa pili. Mfugaji akisikia kwamba tatizo ni upungufu wa vitamini, hutaka iingizwe nyingi kwa mara moja. Vitamini A ikizidi hujilimbikiza mwilini, na ngozi ya kobe huanza kuchubuka vipande vipande mpaka nyama inaonekana. Wapo wanyama waliokufa kwa tiba hiyo na si kwa ugonjwa waliokuwa nao. Daktari humpa kiasi kidogo kwa vipindi, pale tu anaporidhika kwamba upungufu upo. Kwa kobe wa nchi kavu mara nyingi hutegemea chakula.

Dawa za macho za binadamu zenye steroidi zisitumiwe kwa kubahatisha, kwani jicho likiwa na kidonda huweza kuharibika kabisa. Antibiotiki za sindano nazo zina utaratibu wake kwa kobe: daktari kwa kawaida huzichoma mguu wa mbele, kwa siku na vipimo maalumu.

Katika mkoa wenye sifa ya mawese kama Kigoma, huenda mtu akakumbuka kuwa mafuta hayo mekundu yana karotini nyingi. Ni kweli yanayo. Lakini kumiminia mafuta mdomoni kobe dhaifu kunaweza kuyapeleka mapafuni, na kumpaka machoni hakumtibu chochote. Karotini aipate katika majani.

Chakula cha kumrudisha

Kobe anayeanza kufumbua macho huvutwa na harufu na rangi. Kipande kidogo cha papai bivu au boga, ua la hibiskasi, au jani laini lililokatwakatwa humwamsha. Matunda yawe kionjo tu cha kumwanzisha, kwani yakizidi humharisha.

Baada ya hapo, bakuli liwe la majani. Matembele, majani ya maboga, majani ya kunde, majani na maua ya hibiskasi, dungusi lililoondolewa miiba na nyasi mbichi ni chakula kizuri, na vingi kati ya hivyo havinunuliwi. Mchicha apewe kwa kiasi, maana una kemikali inayozuia kalsiamu kutumika mwilini. Kisamvu kibichi asipewe kwa sababu ya sumu ya sianidi, na parachichi pamoja na majani yake viepukwe.

Aina ya kobe nayo izingatiwe. Kobe mkubwa wa nyika mwenye madoa meusi na manjano ni mla nyasi. Yule mwenye bawaba hula majani, uyoga na matunda, na pia jongoo, konokono na wadudu wengine. Wote huhitaji jua halisi, si la dirishani, kwa kuwa miale ya urujuanimno huwawezesha kutengeneza vitamini D na kujenga gamba, na kioo huizuia miale hiyo.

Kwa wakazi wa maeneo ya kahawa kama Kalinzi, kuna tahadhari ya ziada. Majani ya kumlisha kobe yasichumwe shambani mara baada ya kupulizwa dawa za kuua wadudu au ukungu. Yachumwe bustani isiyopulizwa, na yaoshwe.

Mnyama akitibiwa mapema, kurejea katika hali yake huchukua wiki kadhaa. Macho ndiyo hutangulia kufunguka. Hamu ya kula hufuata, na uzito huja mwisho.

Sheria na afya ya familia

Wakati wote huo, mfugaji ajiulize mnyama huyo amefikaje nyumbani kwake. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inawaweka wanyamapori wa Tanzania Bara mikononi mwa Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi, na kuwakamata kunahitaji kibali. Kobe aliyeokotwa njiani na mtoto akitoka shule ni mnyamapori kama alivyo pala. Njia iliyo salama ni kumwacha alipo akiwa mzima, na kutoa taarifa kwa ofisa wa wanyamapori iwapo ameumia au tayari yuko nyumbani.

Historia ya Kisiwa cha Changuu, Zanzibar, inaonyesha tamaa ya kumiliki kobe inavyoweza kuwamaliza. Mwaka 1919 kisiwa hicho kilipokea kobe wakubwa wanne kutoka Shelisheli. Walizaana hadi kufikia takriban 200 mwaka 1955, kisha wakaibwa kwa ajili ya kuuzwa na kuliwa, wakabaki saba mwaka 1996. Uzio na ulinzi ndivyo vilivyowanusuru. Kobe bapa wa majabali ya Tanzania na Kenya, kitaalamu Malacochersus tornieri, naye alitafutwa mno na wafugaji wa ng'ambo, mpaka mwaka 2019 mkutano wa CITES uliofanyika Geneva ukamweka kwenye orodha ya juu ya ulinzi, inayozuia biashara ya kimataifa ya wale waliokamatwa porini.

Kumrudisha msituni kobe mgonjwa ili kukwepa lawama si suluhisho. Nchini Marekani, kobe wa jangwa la Mojave waliwekwa mwaka 1990 kwenye orodha ya wanyama walio hatarini, na ugonjwa wa njia ya hewa ulitajwa miongoni mwa sababu. Kobe mmoja mwenye mafua, akiachiwa kwenye misitu inayopakana na Gombe, anaweza kuwapelekea kobe wa porini maradhi wasiyokuwa nayo.

Familia nayo ijilinde. Kobe huweza kubeba bakteria wa salmonela bila kuonyesha dalili, na bakteria hao huharisha binadamu, hasa watoto wadogo. Kwa sababu hiyo Marekani ilipiga marufuku mwaka 1975 uuzaji wa kobe wenye gamba lisilofikia sentimeta 10 hivi. Kila anayemshika mnyama huyo anawe mikono kwa sabuni, na beseni la kumwogeshea lisitumike tena kuoshea vyombo wala mboga.

Kobe aliyetunzwa vizuri anaweza kuishi miaka mingi kuliko ng'ombe na mbuzi wa boma lote. Anachodai ni kidogo: jua, maji, majani ya rangi ya kijani iliyokolea, na mtu wa kumtazama machoni kila asubuhi.